Hapa Anaongea Mwalimu, Mume Wangu Hayumo: Kisa cha Kifaa cha Kusomea Katika Nyumba ya Waswabia

Kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki nilikikuta kwenye droo ya jikoni, chini ya vitambaa vya kukaushia vyombo. Nilipokiwasha, chaji ilikuwa asilimia 71. Naanza na chaji kwa sababu ndiyo iliyonifanya niulize. Kitu kilichoharibika huwekwa kando kikiwa kimekufa. Hiki kiliwekwa kikiwa kizima, kimefutwa vumbi, kimefunikwa vizuri, kama amana ya mtu mwingine inayosubiri mwenyewe aje kuichukua.

Nafanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao katika bonde la mto Neckar, kusini mashariki ya Stuttgart, Ujerumani, kwa Waswabia, watu wenye lahaja yao ya Kijerumani, Kiswabia. Mwenye nyumba hii ni mama wa miaka 86, mjane. Jina lake silitaji. Nitamwita Bi Mkubwa, kama tunavyowaita wakubwa wetu kwetu Mombasa. Familia imeniruhusu kuandika, na machache ya kumtambulisha nimeyabadilisha.

Wanawe na wajukuu walikuwa wameshakata shauri: mama amezeeka, teknolojia imemshinda. Maneno hayo nayasikia karibu kila nyumba ninayoingia, na mara nyingi hakuna anayekaa chini kuuliza zaidi. Katika nyumba hii niliuliza, na nikakuta hayakuwa kweli hata kidogo.

Mama aliyezijua mashine

Bi Mkubwa alifanya kazi miaka 31 katika kiwanda cha vitambaa vya pamba, na bonde hili lilikuwa na viwanda vya namna hiyo mji hadi mji. Aliwahi kunieleza kwamba mlio wa mashine ulimwambia uzi utakatika kabla haujakatika. Mkono wake ulifika kwenye swichi kabla ya macho yake kuona lolote. Huyo ndiye aliyeambiwa ameshindwa na kibao chenye vitufe viwili.

Anayewajua Waswabia ataelewa uzito wa tusi hilo. Hii ni nchi ya mafundi. Gottlieb Daimler, fundi wa magari ya mwanzo, alizaliwa Schorndorf mwaka 1834, Robert Bosch, fundi wa vifaa vya umeme, alizaliwa Albeck karibu na Ulm mwaka 1861, na watu wa hapa hawawataji kama mashujaa wa vitabuni. Huwataja kama jirani aliyefanya kazi yake vizuri. Fahari ya Mswabia iko kwenye mikono yake. Anajivunia kilichonyooka, kilichopimwa, kilichodumu. Sifa zenyewe huzitoa kwa shida. Wana msemo wao, *net gschempft isch gnuag globt*: kutokugombezwa ni kusifiwa kwa kutosha. Nilikaa miezi kadhaa nikidhani Bi Mkubwa hapendi chakula changu, hadi binti yake aliponiambia nihesabu siku ambazo hakusema kitu.

Tena, kifaa alikuwa amekizoea. Macho yake yamechakaa katikati. Anaona pembeni, lakini kile anachokielekea uso kwa uso kinageuka ukungu. Kitabu cha karatasi kilimtoka mikononi. Kifaa kikamrudishia. Maandishi aliyakuza hadi mstari ukabeba maneno manne tu, akakiegemeza kwenye birika la kahawa, akasoma kila siku saa tisa alasiri. Kioo cha vifaa hivi hakimulikii macho kama simu. Ndani yake mna chembe nyeusi na nyeupe zinazosukumwa na umeme hadi zikapanga herufi, na zikishapangwa hutulia hapo bila kula umeme zaidi mpaka ukurasa ugeuzwe. Ndiyo maana chaji hukaa wiki nyingi. Vitabu aliviazima kutoka maktaba ya mji bila kuvaa viatu, kwa huduma ya kuazima kwa intaneti ambayo maktaba za Ujerumani zilianza kuitoa mwaka 2007. Riwaya nzito nzito, za Kijerumani sanifu, alizimaliza.

Kwa hiyo miezi saba alisoma bila tatizo, kisha siku moja kifaa kikaingia drooni. Swali la kisa hiki ni moja: siku ile kulitokea nini?

Sentensi moja

Marehemu mume wake alikuwa seremala. Baada ya kustaafu aliandika hadithi za utoto wake kwa Kiswabia, kurasa 58, kwa taipureta, akazishona kwa uzi na kuwagawia ndugu. Hakukusudia kuuza. Aliandika kama alivyosema na kama alivyosikia.

Mjukuu wao, kijana mwema anayefanya kazi ya programu za kompyuta Stuttgart, aliona nyanya yake hawezi tena kukisoma kijitabu kile. Akakichukua, akakipiga picha ukurasa baada ya ukurasa, akaipa kompyuta kazi ya kugeuza picha kuwa herufi. Matokeo yalijaa makosa, kama inavyokuwa siku zote kwa karatasi kuukuu. Akapitisha programu ya kusahihisha tahajia, akakubali masahihisho kwa mkupuo, akatengeneza kitabu cha kielektroniki chenye picha ya babu kwenye jalada. Usiku wa Krismasi alikileta kama zawadi, na nyumba nzima ililia. Nilikuwepo. Sijaona zawadi iliyotoka moyoni kuliko ile.

Siku mbili baadaye Bi Mkubwa alikisoma peke yake. Ilipofika mwezi wa pili, nikiwa natafuta kitambaa, ndipo nilipokikuta.

Nilipomuuliza hakunijibu. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na kijitabu cha karatasi na kioo kikubwa cha kukuzia. Alichukua muda kuutafuta ukurasa. Kisha akaweka kidole.

Hadithi ile ni ya mtoto wa miaka tisa, mwaka 1944. Baba yuko vitani. Usiku ving'ora vinalia, mama amekwenda kumsaidia jirani anayejifungua, na mtoto amejificha zizini, amekumbatia shingo ya ng'ombe. Mwisho wa ukurasa anajisemea: *I ben net alloi.* Siko peke yangu.

Kwenye kifaa, mahali pale pale, paliandikwa: *Ich bin nett allein.*

Kwa Kiswabia, *net* ni neno la kukanusha. Kwa Kijerumani sanifu neno hilo ni *nicht*. Programu haikulijua, ikatafuta neno la karibu, ikaona *nett*, lenye maana ya mtu mwema, mpole, mwenye kupendeza. Mtoto aliyesema "siko peke yangu" akageuzwa kuwa mtoto anayesema yuko peke yake, tena vizuri tu. Herufi moja iliongezwa, na ng'ombe akatolewa zizini.

Hayakuishia hapo. *Gsälz* kwa Waswabia ni jemu, na mkate uliopakwa jemu ulikuwa zawadi ya Jumapili katika kitabu kile. Programu iliandika *Salz*, chumvi. Mtoto akawa anakula mkate wa chumvi huku akilamba vidole kwa furaha. *Isch* limekuwa *ist* kila mahali, *alloi* limekuwa *allein*. Bi Mkubwa alifunga kijitabu akasema maneno ambayo nimeyafanya kichwa cha andiko hili: hapa anaongea mwalimu, mume wangu hayumo.

Yaliyoachwa yakapotosha

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao mjukuu hakuuona hata tulipomweleza mara ya kwanza, na mimi nisingeuona kama si Kiswahili changu. Makosa mabaya zaidi yalikuwa kwenye maneno ambayo programu haikuyagusa.

Neno *Teppich* lipo katika Kijerumani sanifu, kwa hiyo lilipita salama. Lakini kwa Mjerumani wa Hamburg *Teppich* ni zulia, na kwa Mswabia ni blanketi. Ukibonyeza neno hilo kwenye kifaa, kamusi inafunguka na kukueleza habari za zulia. Kumbe katika hadithi mama anamfunika mtoto. Neno *Fuß* nalo ni hivyo hivyo. Kwa Kijerumani sanifu ni sehemu ya kukanyagia tu. Juu yake ni *Bein*. Kwa Mswabia *Fuß* ni kiungo chote mpaka nyongani.

Hilo la *Fuß* mimi sikufundishwa na mtu. Wiki yangu ya kwanza katika nyumba hii Bi Mkubwa aliniambia *Fuß* inamuuma, na muuguzi aliyekuja kutoka kaskazini akamvua soksi akaanza kumkagua kisigino. Mimi niligusa goti. Kwetu mguu ni mguu, kuanzia kidole hadi nyonga, na sikuwa na sababu ya kudhani kwake ni tofauti. Alinitazama kwa muda, na nadhani hapo ndipo alipoanza kuniamini.

Ndoo

Nimezaliwa Mji wa Kale, Mombasa, na lugha niliyonyonya ni Kimvita. Nyanya yangu hakuwa akisema "njoo". Alisema "ndoo". Njaa ilikuwa "ndaa", njia ilikuwa "ndia", macho "mato", kucheka "kuteka". Darasa la tatu niliandika insha, nikamfanya nyanya aniite: "Ndoo hapa, mwanangu." Mwalimu alipiga duara la wino mwekundu, akachora pembeni kindoo cha maji chenye mpini, akauliza darasa zima kama nyanya yangu alikuwa akiteka maji. Darasa likacheka. Sina kinyongo naye. Alifundishwa hivyo, na mitihani ilitaka hivyo. Lakini niliporudi nyumbani siku ile na nyanya akaniita, nilisikia ndoo.

Mkutano uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika mwaka 1928, tena ulifanyika Mombasa, mjini kwa Wamvita wenyewe. Sisemi ulikosea. Bila Kiswahili sanifu nisingekuwa naandika haya yakasomwa Bukavu na Muscat. Nasema tu kwamba neno likishaitwa sanifu, lile lililobaki nyumbani huanza kuitwa kosa, na aliyelizoea hujiona yeye ndiye kosa.

Bi Mkubwa nilimsimulia habari za ndoo kwa Kijerumani changu cha kubahatisha. Akaniuliza kama nalijua jina la Krapf. Nilishangaa. Johann Ludwig Krapf, mmisionari, alizaliwa mwaka 1810 Derendingen, kijiji ambacho leo ni sehemu ya Tübingen, mwendo mfupi kutoka sebuleni tulipokaa. Alifika Mombasa 1844, akamzika mkewe huko mwaka huo huo. Sarufi yake ya Kiswahili ilichapishwa Tübingen mwaka 1850, na kamusi yake ikatoka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kiswahili alichokiandika kilikuwa cha Mombasa. Mwenzake Johannes Rebmann, aliyeuona Kilimanjaro mwaka 1848, naye ni mtoto wa Gerlingen, karibu na Stuttgart. Bi Mkubwa aliwajua wote wawili tangu mafundisho ya Jumapili ya utotoni. Jambo ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria mpaka jioni ile ni kwamba mtoto wa kijiji cha Waswabia alikuja akaandika maneno ya Kimvita kama maneno halali ya kamusi, miaka zaidi ya mia moja kabla mwalimu wangu hajanichorea kindoo. Tulikaa kimya kidogo, kila mmoja na nyanya yake.

Tafsiri tatu za tukio moja

Mjukuu aliona hitilafu ya kiufundi. Hana kosa kwa upande huo: programu ilifanya kazi mbaya, na kazi mbaya hurekebishwa. Binti aliona maombolezo. Alisema mama hajawa tayari kusikia sauti ya baba, na chombo chochote kingeishia drooni. Nalo lina ukweli ndani yake.

Mimi naona fahari, na nataka nieleweke ninaposema hivyo, maana fahari ya Waswabia imegeuzwa biashara hadi watu wameacha kuitazama. Mwaka 1999 serikali ya jimbo la Baden-Württemberg ilianza kampeni ya matangazo yenye kaulimbiu inayojulikana Ujerumani nzima: tunaweza kila kitu, isipokuwa Kijerumani sanifu. Ilidumu zaidi ya miaka 20, ikabadilishwa 2021. Watu waliipenda, na mimi naelewa kwa nini: ilichukua aibu ya zamani ikaivalisha kilemba. Lakini aibu yenyewe ilikuwepo, na waliokua zamani za Bi Mkubwa wameionja. Wanaotoka hapa kwenda Berlin bado wanaionja. Mwishoni mwa 2012 mwanasiasa mashuhuri Wolfgang Thierse alilalamika hadharani kwamba Waswabia waliohamia mtaani kwake wanauita mkate mdogo kwa jina la kwao, na nchi ikabishana wiki kadhaa juu ya jina la mkate.

Fahari ya Bi Mkubwa haihusiani na kaulimbiu. Mume wake, mtu wa mbao na msumeno aliyeaibishwa shuleni kwa namna alivyoongea, alipofika uzeeni alikaa akaandika kurasa 58 bila kuomba radhi kwa neno hata moja. Hilo ndilo Bi Mkubwa alilojivunia kwa mumewe kuliko kabati zote alizotengeneza. Kisha kifaa kikaja kikamwombea radhi kila mstari.

Nimesikia watu wakisema lahaja ni ya mdomoni, haina maandishi, kwa hiyo mashine haiwezi kulaumiwa. Hilo si kweli kwa Kiswabia. Katika karne ya 18 mtawa wa Obermarchtal aliandika michezo ya kuigiza kwa lahaja hii. Kuna kamusi kuu ya Kiswabia, juzuu sita, iliyochapishwa kati ya 1904 na 1936. Kinachokosekana ni tahajia moja ya kukubaliana. Kila mtu huandika anavyosikia, na mashine hupenda neno liandikwe namna moja. Lakini maneno yapo, yameandikwa na kuhifadhiwa. Kwenye kifaa tu ndiko ambako hayapo.

Tulichofanya

Mjukuu alikuja wikendi mbili. Mara ya kwanza alitaka kurekebisha faili lile lile, na nilimsihi aliache kabisa. Masahihisho yaliyokwisha kuingia hayaonekani kwa macho. Utayakamata ishirini na ishirini yatabaki. Tulianza upya kutoka kwenye karatasi. Programu ya tahajia ilizimwa. Mimi nilichapa, Bi Mkubwa alisikiliza. Nilimsomea kila sentensi kwa matamshi yangu ya Mombasa, naye aliniamuru nirudie mpaka imkae sikioni. Kumbukumbu yake ya kitabu kile ilikuwa bora kuliko macho ya sote. Mara mbili alinikamata nimeruka mstari.

Kisha kukawa na jambo dogo la ndani ya faili ambalo napenda kila anayetengeneza vitabu hivi alijue. Kitabu cha kielektroniki hubeba ndani yake alama ya lugha. Faili la kwanza liliandikwa *de*, yaani Kijerumani, na kifaa kikafuata: kikaleta kamusi ya Kijerumani sanifu, kikakata maneno mwishoni mwa mistari kwa kanuni za Kijerumani sanifu. Kwa maandishi yaliyokuzwa kama yake, maneno hukatwa kila mstari, na Kiswabia kilichokatwa hivyo hakisomeki. Mjukuu aliangalia orodha ya kimataifa ya alama za lugha, akakuta Kiswabia kina alama yake: *swg*. Cha kwetu, katika orodha hiyo hiyo, ni *swh*. Nilimwonyesha Bi Mkubwa kwa maandishi makubwa kwenye karatasi, moja juu ya nyingine. Aliikata ile karatasi kwa mkasi akaibandika kwenye jokofu.

Tulipoandika *swg*, kamusi ya Kijerumani haikujitokeza tena kila kidole chake kilipokawia kwenye kioo, na hilo peke yake lilikuwa nafuu. Ukataji wa maneno tuliuzuia kabisa. Mistari sasa ina ncha zisizolingana upande wa kulia, na hakulalamika.

Sauti hatukufanikiwa. Tangu tarehe 28 Juni 2025 sheria ya Umoja wa Ulaya inataka vitabu vya kielektroniki na vifaa vyake viwafae wasioona na wenye uoni hafifu, ikiwemo kusomewa kwa sauti. Ni sheria nzuri na nimeiona ikiwasaidia wengine ninaowahudumia. Lakini sauti tuliyoijaribu kwa kitabu hiki ilijua Kijerumani sanifu peke yake, na ilipofika *alloi* ilitamka kitu ambacho sitakirudia. Binti alileta simu, wakamrekodi mama akisoma hadithi tatu kwa kichwa. Zimo kwenye simu, hazimo kwenye kitabu, na kwa sasa imetosha.

Kazi ilipokaribia kwisha, mjukuu aligundua kwamba babu aliandika neno la viazi kwa namna mbili: *Grombira* karibu kila mahali, lakini kwenye ukurasa wa 41 *Grombiera*, mara tatu mfululizo. Alitaka kulinganisha, yaani kuchagua moja. Alikuwa amejifunza kuuliza kwanza, akauliza. Bi Mkubwa alimwambia amsomee ukurasa wote. Akasikiliza, kisha akasema kwamba pale anayeongea si babu. Ni mama yake babu, na yeye aliolewa kutoka kijiji cha juu mlimani, Schwäbische Alb. Huko walivuta sauti namna ile.

Tuliyaacha yote mawili. Jioni ile kifaa kilirudi kwenye birika la kahawa. Bi Mkubwa hakusema lolote, na nilijua sasa namna ya kuhesabu.